Meja wa Pili wa Beit Falaj

Bi Kheiria binti Yaarub alikuwa fundi cherehani, na kama mafundi cherehani wote walioumbwa na Mwenyezi Mungu, alikuwa na neno moja tu kwa wateja wake: kesho. Ukimpelekea kanzu Jumatatu, kesho. Ukija Jumanne, kesho. Ukija Jumatano umenuna, atakumiminia kahawa, atakukatia kipande cha halua, atakuuliza habari za mama yako mzazi na za mama mkwe wako, na utakapokuwa umeshafika mlangoni kuondoka, umeshiba na umefurahi, ndipo utakapokumbuka kuwa kanzu bado. Watu wa Matrah, bandari ya Oman jirani na Maskati, walimpenda hivyo hivyo. Mshono wake haukuwa na mfano, na halua yake pia.

Alishuka Matrah mwaka wa 1964, pamoja na wale waliokimbia Unguja baada ya mapinduzi. Alikuja na binti yake Muhsina, sanduku moja la nguo, na cherehani ya mkono aliyoipakata safari nzima asimpe mtu kuishika. Mumewe hakuja. Alichukuliwa nyumbani kwao, mtaa wa Malindi mjini Unguja, mwezi wa Januari, akaambiwa anakwenda kuulizwa maswali mawili matatu na atarudi, na Bi Kheiria akamwekea chakula chake chini ya kawa. Hakurudi. Hayo Bi Kheiria hakuwa akiyazungumza na mtu. Ila tangu siku ile, mwanamme yeyote wa nyumbani kwake akisema "narudi sasa hivi," moyo ulikuwa ukimwenda mbio, na ikawa hana budi kufanya mzaha ili asilie. Ndiyo maana alikuwa na mizaha mingi kupita kiasi.

Na Maskati ya siku hizo ilikuwa ikimpa mizaha bure. Mtu katoka Unguja kwenye taa za umeme, senema na ngoma za harusi za kutwa kucha, kaingia mji wa giza ambao mlango wake hufungwa usiku, na ukitaka kutoka lazima ushike fanusi. Redio marufuku. Ngoma marufuku. Miwani ya jua marufuku. Sultani mwenyewe alikuwa akikaa Salala, mbali huko kusini, miaka mji haujamwona, lakini marufuku zake zilikuwa zikifika upesi kuliko barua.

Huko huko kusini kulikuwa na vita. Watu wa milima ya Dhofar walikuwa wameshika bunduki juu ya Sultani tangu mwaka wa 1965. Nchi ilikuwa moja kwa jina, lakini mtu wa Matrah alikuwa akizisikia habari za Dhofar kama anayesikia habari za ng'ambo. Na jeshi lenyewe lilikuwa kituko. Askari wake wengi Mabaluchi, waliobaki Waarabu, na juu yao, kwenye kila amri na kila filimbi, Waingereza. Wengine waliazimwa kutoka jeshi la malkia wao, wengine walikuja kwa mkataba.

"Hawa hawa," Bi Kheiria alikuwa akisema, uzi mdomoni, "waliteremsha bendera yao Unguja, wakatupungia mkono. Mwezi mmoja tu, tukafikwa na yaliyotufika. Leo nawakuta huku, wanaipandisha ya Sultani mlimani. Na hao wa mlimani wamekosa nini? Wamechoka na marufuku, kama mimi! Ningekuwa na miguu mizuri, ningepanda mimi."

Akisema hayo, huku anashona suruali zao. Maana nguo za maofisa wa Beit Falaj, ile ngome ya bonde la Ruwi iliyokuwa makao ya jeshi, zilikuwa zikipita zote kwenye cherehani yake. Mwenye kuzileta na kuzirudisha alikuwa Bakhit, dereva wa lori la jeshi, mtu wa mji wa Sur aliyekaa Unguja ujanani na kujifunza huko Kiswahili na uvivu. Na ni Bakhit aliyemletea Bi Kheiria mkwe.

Mkwe huyo aliitwa Ghanim. Kijana wa Pemba, dereva mwenziwe Bakhit, mrefu, mpole, na mtanashati wa kuchekesha. Shati lake la kaki lilikuwa na mikunjo ya pasi iliyosimama wima hata baada ya safari ya Nizwa. Hakumruhusu dobi alishike. Alikuwa na pasi yake mwenyewe ya makaa, akiibeba kwenye lori chini ya kiti, na kila walipopiga kambi wenzake wakitafuta maji, yeye alikuwa akitafuta makaa. Muhsina alimpenda kwa sababu ya yale mashati. Bi Kheiria, ambaye kazi yake nguo, hakuona kuwa hiyo ni sababu ndogo.

Harusi ikapangwa Alkhamisi moja ya mwaka 1968, baada ya alasiri. Na hapo ndipo lilipozuka suala la beni.

Huko kwao Malindi Bi Kheiria alikuwa mwanachama wa beni ya wanawake. Asiyeijua beni ataniwia radhi, amekosa nusu ya utamu wa dunia. Wanawake wa chama huvaa nguo za kizungu za kijeshi, hujipaka poda usoni wakawa weupe, hujichora masharubu kwa wanja, wakajipa vyeo, wakapiga gwaride ndani ya ua kwa ngoma na makofi, na kila wanachokifanya Waingereza kwa uso uliokunjamana wao wanakifanya kwa kiuno. Bi Kheiria alikuwa Meja. Rafiki yake Masouda, aliyekimbia naye Unguja na sasa akikaa nyumba ya pili, alikuwa Jenerali. Walikuwa wamepoteza majumba na mashamba, lakini vyeo walikuja navyo, na Masouda hakuacha kumkumbusha mwenziwe nani mkubwa.

Desturi ya chama chao ilikuwa hii: bwana harusi haingii kwa mke mpaka Meja amkague. Anasimama wima mlangoni, Meja anamtazama kucha, meno, ukosi na vifungo, na kosa likionekana analipa faini ya halua. Binti wa chama aliyeolewa bila ya kukaguliwa mumewe, watu walikuwa wakisema, kaolewa kimya kimya. Na Bi Kheiria aliapa kuwa Muhsina, aliyekwishapoteza baba na nchi, hatoolewa kimya kimya, marufuku ikae marufuku. Ngoma watazifunika blanketi. Makofi watapiga kwa vidole. Yaliyobaki ni nguo.

Sasa nguo. Ikawa wiki ile ile Bakhit kaleta koti la kaki la Meja Haliweli. Meja huyu alikuwa Mwingereza mrefu mwenye masikio mekundu, aliyewahi kukaa na askari wa Kiafrika Nanyuki na kurudi na Kiswahili cha kambini. Koti lilikuwa na taji mabegani, tepe za medali kifuani, na kifungo kimoja, cha pili kutoka juu, kinaning'inia. "Anataka kifungo kikazwe tu," Bakhit alisema. "Amenambia ningoje."

"Kesho," alisema Bi Kheiria.

Kila mtu wa pwani anaijua dhambi ya fundi cherehani. Nguo yako ikilala kwake, kuna harusi itakwenda bila ya wewe. Bi Kheiria alilitundika lile koti ukutani. Akalitazama asubuhi, akalitazama mchana. Alkhamisi baada ya adhuhuri akalitungua, akasema analijaribu tu kwenye mabega, na lilivyomkaa mabegani, Masouda na wenziwe wakapiga kigelegele kwa ndani ya midomo. Zaidi ya hapo hakuna aliyejaribu kumvua.

Alipakwa poda, akachorwa masharubu mazito yenye ncha zilizopinda. Masouda akatoa sandukuni miwani ya jua aliyoificha tangu Unguja, akamvisha. Suruali na kofia zikatoka humo humo, na kofia ikamteremkia mpaka kwenye nyusi. Muhsina, kakaa chini kajifunika kisutu, kanga yake ya uharusi, haruhusiwi kucheka mana ndiye biarusi, alicheka mpaka hina ikamharibika kidole kimoja.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bakhit, jasho linamtiririka, na alipoona Meja mbele yake alisimama wima kwanza, halafu akajishika kichwa.

"Bi Kheiria, we Bi Kheiria! Safari ya Dhofar imeletwa mbele. Malori yanaondoka kesho alfajiri. Madereva wote wa safari hiyo wamefungiwa kambini, hakuna kutoka; mimi tu ndiye nisiyekwenda. Ghanim kasema mumwie radhi, harusi ingoje mpaka arudi."

"Arudi lini?"

"Miezi. Mungu anajua."

 Shekhe wa kufungisha ndoa alikuwa keshafika, kakaa barazani anakunywa kahawa.  Mpaka arudi. Neno hilo Bi Kheiria alikwishaambiwa mara moja, na chakula kikapoa chini ya kawa. Binti yake asiolewe leo, na huyo kijana asirudi, Muhsina atakuwa nani? Si mke, si mjane, mtu wa kungojea tu. Yeye mwenyewe alikuwa akiijua kazi hiyo ya kungojea, na hakutaka mwanawe airithi.

"Nnakwenda kumwomba huyo Mzungu mwenye koti," alisema. "Mimi mwenyewe. Masouda, nipe buibui langu."

"Shoga, na masharubu hayo?"

"Nani atayaona? Buibui limeumbwa kwa kazi gani?"

Akajitanda buibui juu ya koti, kofia akaificha kwapani, akapanda lori kando ya Bakhit. Wakapita bonde la Ruwi kwa vumbi. Mlangoni Beit Falaj, mlinzi, Mbaluchi mrefu mwenye bunduki, alichungulia, akaona buibui, akainua mkono.

"Mamnuu! Hurma mamnuu!" Wanawake marufuku.

Bakhit akasihi kwa Kiarabu. Akasihi kwa Kibaluchi kidogo alichokijua. Mlinzi akatikisa kichwa. Basi Bakhit akageuza lori, na walipofika nyuma ya kilima, Bi Kheiria akamwambia simama.

"Kasema nini yule? Wanawake marufuku?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya." Akalivua buibui, akalikunja vizuri, akalikalia. Akavaa kofia. Akavaa miwani. "Rudi."

"Wallahi tutafungwa!"

"Endesha, bwana. Meja hangoji."

Bakhit alirudi akisoma kila aya aliyoikumbuka, na nyingine alizichanganya. Mlinzi aliliona lori lile lile likija kutoka upande ule ule. Akainua mkono tena, akaliona taji begani, na mkono uliokuwa ukikataza ukapanda moja kwa moja mpaka kwenye kofia. Mguu ukapiga chini, vumbi likaruka. Alikuwa akilipigia koti saluti. Uso hakuutazama, mana hakufundishwa kutazama nyuso za maofisa.

Bi Kheiria akamrudishia saluti. Bahati mbaya hakuijua saluti nyingine ila ya beni. Mkono ulipanda, bega la kulia likatikisika, na kiuno kikajibu hapo hapo kitini. Mlinzi aliduwaa. Halafu, kwa kuwa amri ni amri, na yeye naye akatikisa bega.

Ndani ya kambi Bi Kheiria hakuona tena haja ya kumwomba mtu. Walimkuta Ghanim chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Suruali ilikuwa imepigwa pasi. Bi Kheiria akaigonga soli ya kiatu kwa ncha ya kiatu chake.

Ghanim alitoka na grisi usoni, akaona miwani, masharubu, taji, akaruka wima.

"Sir!"

"Usiniite hivyo, mwanangu," alisema Meja kwa sauti ya chini. "Panda gari. Shekhe kishamaliza dele la pili la kahawa."

Ghanim alimtazama. Masikini, yalikuwa mambo mengi kwa mara moja: mama mkwe, ambaye kwa adabu hajapata hata kumtazama usoni, yuko mbele yake na masharubu. Hakujua apige saluti au aubusu mkono. Akafanya yote mawili, na askari watatu waliokuwa wakipakia mapipa wakatazamana.

Walikuwa wamekaribia mlango wa kutokea, Bakhit anaona uhuru ule pale, mtu mmoja alipotoka kwenye kivuli cha ngome akasimama katikati ya njia. Mrefu, kavaa shati tupu, masikio mekundu. Meja Haliweli.

Lori likasimama lenyewe. Bakhit baadaye aliapa kuwa hakugusa breki. Meja alikuja mpaka dirishani. Alilitazama koti. Alizitazama tepe za medali zake, moja moja. Aliyatazama masharubu, ambayo kwa joto na jasho upande wa kushoto ulikuwa umeanza kushuka kuelekea kidevuni. Nyuma yake mlinzi kasimama wima, wale watatu wa mapipa wamesimama wima, uwanja mzima umesimama wima kwa heshima ya maofisa wawili wakubwa wanaozungumza.

"Wewe nani?" aliuliza.

"Meja," alisema Bi Kheiria, kwa vile lilikuwa neno la kwanza lililomjia.

"Mimi Meja."

"Basi leo tuko wawili, bwana."

Masikio ya Mwingereza yalizidi wekundu. Mdomo wake ulianza kucheza, akaukaza. "Hii koti yangu."

"Nnalijaribu, bwana. Nnatazama kama linakaa vizuri."

"Kwa nini?"

Hapo Bi Kheiria akaivua miwani, na mzaha wote ukamtoka. Akamwambia kwa Kiswahili chepesi, ili aelewe kila neno: kwamba ana binti mmoja tu. Kwamba harusi ni leo. Kwamba wanaume wanaokwenda hawarudi siku zote, na yeye anajua. Kwamba hataki kumzuia dereva wake asiende, ijapokuwa vita hivyo si vyake, si vya Ghanim, na kama utaniwia radhi, bwana, si vyako wewe pia. Anataka saa chache tu za alasiri.

 Meja Haliweli aligeuka akautazama uwanja mzima uliokuwa umesimama wima. Angesema kweli, ingebidi amfunge mlinzi, na Bakhit, na kila mtu aliyempigia saluti fundi cherehani. Akageuka tena.

"Jua lala, dereva rudi," alisema. "Koti rudi." Halafu akanyoosha kidole, akakigusa kifungo cha pili kutoka juu, nacho bado kinaning'inia. "Na hii? Bado?"

Ulimi wa Bi Kheiria ulijibu wenyewe, kwa mazoea ya miaka.

"Kesho, bwana."

Hapo Mwingereza alishindwa. Alicheka, lakini alicheka kwa kuinamisha kichwa na kukohoa, ili askari wasione. Alipojinyoosha alirudi nyuma hatua moja, akapiga saluti iliyonyooka. Na Bi Kheiria akamrudishia ile ile aliyokuwa nayo, na bega, na kiuno.

Ndoa ilifungwa alasiri ile. Ngoma zilipigwa chini ya blanketi, vigelegele vikapigwa ndani ya mito, na watu wakacheka mpaka wakashikana. Ghanim alikaguliwa mlangoni. Kucha zilikuwa na grisi, faini. Uso una grisi, faini. Meja akafika kwenye shati, akazunguka mara mbili, akapapasa ule mkunjo wa mkono, na mbele ya ua mzima akatangaza kuwa kwa shati hili anasamehewa yote. Masouda akapinga, akasema Jenerali hakuulizwa. Halua ikaliwa hata hivyo.

Jua lilipokuwa linakwenda chini, Bi Kheiria alikaa kwenye cherehani. Muda ulikuwa umebaki mchache, na mbele yake kulikuwa na koti la Meja na shati la Ghanim. Akalichukua shati. Akakata kipande cha kisutu cha Muhsina, chekundu na cheupe na cheusi, akakishona ndani nyuma ya mfuko, upande wa moyo, kwa mshono mdogo mdogo asioukimbiza. Alishona na machozi yakimdondokea, na hakuyafanyia mzaha. Alipomaliza, Bakhit alikuwa keshawasha lori.

Safari hii alikwenda na buibui lake na uso wake mwenyewe, na akashukia mlangoni. Ghanim akaingia. Meja Haliweli, ambaye naye alikuwa akiondoka na malori, akalipokea koti, akaligeuza, akakiona kifungo.

"Bado."

"Ukirudi, bwana," alisema Bi Kheiria. "Haki ya Mungu, ukirudi nitakikaza."

Alfajiri malori yakaondoka.

Miezi ikaja, mwaka ukageuka. Kambini Beit Falaj, ofisa mpya kutoka Uingereza alitaka kujua kwa nini walinzi wa mlangoni hutikisa bega wakipiga saluti, na hakuna aliyemjibu. Muhsina alipata mimba, akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Mahfoudh. Bi Kheiria akawa bibi, na kila Bakhit alipotokea mlangoni alikuwa akiuliza kwanza juu ya Ghanim, halafu ndipo juu ya nguo. Mana nguo sasa zilikuwa zikija pia kutoka Dhofar, mafurushi mazima, mashati yaliyochanwa na miba na mawe ya mlima, na mengine yaliyochanwa na vitu vingine. Jeshi halitupi nguo. Alikuwa akizitia viraka, na kila mfuko wa shati alikuwa akiupindua kwanza kutazama ndani, asimwambie Muhsina anatazama nini.

Siku moja asubuhi alipindua mfuko, na kisutu kikamtazama.

Chekundu, cheupe, cheusi. Mshono wake mwenyewe. Na juu ya mfuko, upande wa moyo, tundu.

Hakupiga kelele.  Chumba cha pili Muhsina alikuwa akimwimbia mtoto, na Bi Kheiria akalishika lile shati kwa mikono miwili akiwaza kwamba ule wimbo akiukatiza yeye, hautoimbwa tena. Akakaa hivyo. Halafu kidole chake, bila ya yeye kukituma, kikaanza kulizunguka lile tundu, mana ni kidole cha fundi.

Tundu lilikuwa dogo la mviringo. Ukingo wake mweusi, mgumu, unavunjika vunjika kama ukoko. Na pembeni yake, hafifu, alama ya ncha ya kitu cha moto, upana wa vidole vitatu. Na chini, shati zima, mikunjo imesimama wima.

"Pasi!" alipiga ukelele. "Muhsina! Pasi! Mwanamme kajiunguzia shati kwa kaa la pasi! Vita vizima, milima, mizinga, na mumeo anapiga pasi!"

Muhsina alikuja mbio na mtoto, Masouda akaja kutoka nyumba ya pili na unga mikononi, na walipoelezwa walicheka wote watatu, wakaanguka juu ya furushi, mtoto naye akacheka kwa kuwaona. Bi Kheiria alilibusu lile tundu. Alisema akirudi atamkagua upya, na faini yake itakuwa sufuria zima la halua. Bakhit, ambaye kumbe alikuwa kasimama mlangoni muda wote, hakucheka.

"Ghanim mzima," alisema. "Wanarudi mwisho wa mwezi. Nilitaka kukwambia." Kisha akachomoa kitu kutoka chini ya furushi, akakitandaza juu ya cherehani. "Na hili wanataka lishonwe. Linakwenda kwao Ulaya, kwa mama yake. Wamesema lisiende na tundu."

Lilikuwa koti la kaki lenye taji mabegani. Lilikuwa limefuliwa vizuri. Tundu lake halikuwa na ukingo mweusi. Nyuzi zilikuwa zimesukumwa kwa ndani, na mgongoni kulikuwa na jingine kubwa zaidi. Na cha pili kutoka juu, kwenye uzi mmoja, kifungo kilikuwa bado kinaning'inia.

Muhsina alimchukua mtoto akatoka.  Bi Kheiria alivuta kiti. Aliwaza juu ya yule mwanamke wa Ulaya asiyemjua, ambaye naye bila shaka aliambiwa atarudi. Aliwaza pia juu ya yule wa mlimani aliyepiga risasi ile, ambaye huenda asubuhi hii naye kuna mama anamtilia kiraka, na hakuona wa kumchukia. Aliziba tundu la kifuani, akaziba la mgongoni, uzi kwa uzi, mpaka hata jicho lake likapata tabu kuyaona.

Halafu akakamata kifungo. Akakikaza kwa uzi maradufu, akauzungusha chini yake mara nyingi kuliko inavyohitajika, akafunga fundo, akaukata uzi kwa meno. Akakivuta kwa nguvu. Hakikutikisika.

Alilikunja koti, akampa Bakhit, ambaye kwa mazoea alikuwa ameshaanza kuondoka mikono mitupu.

"Chukua," alimwambia. "Tayari."